Manamba, Kipande na Posho: Uhakiki wa Istilahi za Kazi ya Ugenini

Katika istilahi za elimu ya jamii na utamaduni, zile zinazohusu watu wanaotoka makwao kwenda kutafuta riziki zimeundwa kwa haraka kuliko zilivyochunguzwa. Mfasiri anayekutana na habari za vibarua wa mashamba ya mkonge ya Tanganyika aghalabu huandika “wafanyakazi wahamiaji”, kisha akaendelea na kazi yake. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba jina hilo halitoshi, na kwamba lililo bora lilikwisha kutumiwa na vibarua wenyewe.

Tuanze na umbo. Kuhama ni kuondoka mahali. Kuhamia ni kwenda kukaa mahali pengine. Lakini Mha wa Kigoma au Mngoni wa Songea aliyekwenda Tanga kukata mkonge hakuwa amehamia Tanga. Alikwenda kwa mkataba wa muda, akaacha shamba na jamaa nyumbani, na mkataba ulipokwisha alitazamiwa kurudi. Wapo waliobaki huko moja kwa moja, na lugha yetu inalo neno kwa ajili yao: walilowea.

Waliosafiri kwa mkataba walisema wanakwenda manamba. Mkonge uliletwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893, na kazi yake ilihitaji watu wengi kuliko waliopatikana karibu na mashamba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuajiri, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Mtu aliandikishwa mbali, akapewa namba, akasafirishwa. Ndani ya neno manamba, basi, mna kuandikishwa, kuhesabiwa na kutazamiwa kurudi. Mambo ambayo “mfanyakazi mhamiaji” hayadokezi hata kidogo.

Hapana shaka watakuwapo wasemao kuwa neno hili lina dharau, nayo istilahi yapasa iwe na adabu. Dharau imo, kwani mtu aliitwa kwa hesabu badala ya jina lake. Lakini dharau hiyo haikubuniwa na mwandishi wa historia. Ni sehemu ya hali anayoieleza. Tukiisafisha istilahi, tumefuta ushahidi. Hoja nzito zaidi ni kwamba nchini Kenya manamba ni utingo wa matatu. Hilo latosha kutatuliwa kwa kusema “manamba wa mkonge” neno linapotajwa mara ya kwanza.

Kipande nacho kinadai uangalifu. Katika mashamba ya Tanganyika kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Siku ambayo kibarua hakumaliza kazi aliyopangiwa haikuhesabiwa. Kwa hiyo kipande kimoja kiliweza kuzidi mwezi wa kalenda. Nchini Kenya kipande kilikuwa hati ambayo wanaume Waafrika walilazimishwa kuichukua, kwa sheria iliyotungwa mwaka 1915 na kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kukifasiri hicho cha Tanganyika kuwa “kitambulisho” ni kosa, maana kilipima kazi ya mtu, wala hakikueleza yeye ni nani.

Lakini neno lenye hatari kubwa zaidi ni posho. Wapagazi wa misafara walipewa posho ili wapate kula njiani. Katika mashamba ya mkonge posho ilikuwa chakula chenyewe: unga wa mahindi, maharage, chumvi, kwa kipimo cha mwajiri. Nchini Uganda jina limehamia kwenye ugali wenyewe. Tanzania ya leo, posho ni fedha anayolipwa mjumbe kwa kuhudhuria kikao. Mwanafunzi asomaye kwamba manamba “walilipwa mshahara na posho” atadhani walipewa ziada. Kinyume chake, chakula kilikuwa sehemu ya hesabu iliyouwezesha mshahara kubaki mdogo. Na watoto wa kibarua, waliobaki nyumbani, walilishwa na jembe la mama yao. Hapo kosa la istilahi limegeuza unyonyaji kuwa hisani.

Inapendekezwa, basi, kwamba uhamaji litumike kwa watu kutoka mahali hata mahali kwa jumla. Uhamiaji kwa kuingia mahali kwa nia ya kukaa. Na manamba kwa kazi ya mkataba katika mashamba hayo. Kipande kifafanuliwe kwa nchi, na posho iandikwe “posho ya chakula” kila inapohusu mashamba ya enzi hizo. Waliofanya kazi hiyo kabla ya uhuru sasa ni wazee sana. Kabla hatujaunda neno jipya kuhusu maisha yao, yatupasa kwanza kuwauliza wao waliyaitaje.