Ua la Pareto na Jicho la Mchumaji

Baridi ya miinuko ya Meru, kutoka Githongo kupanda kuelekea msitu wa Mlima Kenya, haimpendezi mbu wa malaria. Pareto ndiyo inayoitaka: pasipo baridi, mmea hujaa majani na maua yakawa haba. Kwa hiyo dawa inayomwangusha mbu wa nyanda za joto hulimwa na watu wa miinuko ya baridi, Meru ikiwa miongoni mwao. Vita vya Pili vya Dunia vilipokata biashara ya Japani, iliyokuwa ikiongoza, Kenya ndiyo iliyoshika uongozi wa zao hili.

Mgeni huvutiwa na petali nyeupe. Mchumaji hutazama kitovu cha manjano. Pale pana vijiua vidogo vingi, vinavyofunguka safu kwa safu kutoka ukingoni kuingia ndani, na karibu sumu yote, yaani pairethrini, imo katika vijitunda vilivyojificha chini yake. Safu tatu au nne zikishafunguka, ua limeiva. Akiwahi, sumu bado haijajaa. Akichelewa, vijitunda huanza kupukutika. Shina moja hubeba machipukizi, maua yaliyoiva na yaliyopitwa, yote pamoja, na vidole hutenganisha hayo bila kusita, vikichuma kichwa pasipo kikonyo. Baada ya wiki mbili au tatu hurudi kwenye shina lile lile. Mimi huistahi sana kazi hii, maana hakuna mashine inayoona vile.

Maua hayarundikwi. Yakilundikana hupata joto na kuvunda, na nguvu yake hupotea. Hutandazwa tabaka jembamba juani, yakageuzwa mara kwa mara, hadi kichwa kikifikichwa kiganjani kivunjike chenyewe. Kilo 4 mbichi hubaki takriban kilo 1.

Pairethrini hushambulia neva za mdudu. Mwili wa binadamu huivunja upesi. Hata hivyo, kutoka shambani si kutokuwa na madhara: huua samaki na nyuki, vumbi lake huwasha wenye mzio, na moshi wa dawa yoyote ya kuchoma ndani ya chumba kilichofungwa huumiza kifua. Ikishatolewa ndani ya ua, mwanga wa jua huidhoofisha haraka, ndiyo sababu wanakemia walitengeneza jamaa zake zinazodumu, kama permethrini iliyotiwa kwenye vyandarua. Kudumu huko kumeleta usugu kwa mbu wengi, na vyandarua vipya sasa huongezewa kemikali ya kuuvunja. Kwa ngozi, DEET, dawa ya kufukuza mbu iliyobuniwa kwa ajili ya jeshi la Marekani miaka ya 1940, hulinda kwa saa kadhaa ikipakwa kama kibandiko kinavyoelekeza. Mafuta ya mchaichai huyeyuka hewani mapema, yakahitaji kupakwa tena na tena.

Maua makavu yakifika kiwandani hupimwa, na bei hufuata kiasi cha pairethrini kilichomo, si uzito wa gunia peke yake. Vikonyo na machipukizi huongeza kilo, lakini hushusha kipimo hicho.