Sombe haipendi haraka: juu ya resto zetu na jiko la nyumbani

Siku hizi mtu wa Goma akitaka kumheshimu mgeni anamwambia: "Twende tukakule inje." Wazazi wetu walisema: "Karibu nyumbani, mama anapika." Kati ya maneno hayo mawili kuna safari ndefu, na katika kurasa hizi ningependa tuipime pamoja. Mimi si adui wa resto. Mfuko ukiruhusu, nakula huko kama wengine. Lakini kitabu hiki kinaongea juu ya mila, na mila ya chakula tunaijua kwa kufunua sufuria. Basi tufunue sufuria tatu: ya hoteli, ya malewa, na ya nyumbani.

1. Meza ya kando ya ziwa

Mwalimu mwenzetu mmoja alipomaliza kazi yake kisha miaka mingi ya ubao na chaki, tulichanga franka tukampeleka katika hoteli moja ya kando ya ziwa. Mzee huyo ni mtu wa Masisi. Alipewa karatasi ya vyakula yenye kurasa mbili za Kifaransa: kuku na frite, pizza, nyama ya ng'ombe na mchuzi wa uyoga, tilapia ya kuchoma, na sambaza za kukaanga za kuanzia. Alisoma yote kwa utaratibu, kama mtu anayesahihisha kazi ya wanafunzi, kisha akamuuliza kijana aliyetupokea: "Na sombe?" Kijana akajibu kwa heshima: "Mzee, sombe banakomandaka siku moja mbele." Tulicheka. Mmoja wetu alikasirika: hoteli ya Goma bila sombe, ni hoteli ya wapi?

Niseme haki: chakula kilikuwa kizuri. Sambaza zilikuwa kavu inje na laini ndani, chumvi yake sawa, ndimu na pilipili pembeni. Samaki hakukauka motoni. Frite zilitoka katika viazi vya milima yetu, na hazikunywa mafuta. Mpishi anajua kazi yake, na aliyesema kwamba katika hoteli tunalipa macho ya ziwa tu alikosea.

Lakini naona makosa mawili. La kwanza: ile karatasi ya vyakula haimwambii mgeni yuko fasi gani. Ungeipeleka Kampala ao Brussels, ingefaa vilevile. Hata jibini ya Masisi, ambayo kila msafiri anaibeba kwenda Kinshasa kama zawadi, haikuwamo. La pili: kila mtu alipewa sahani yake, akainama juu yake, akaongea na kisu na kanya. Hakuna aliyemwagia mwenzake maji ya kunawa, hakuna aliyemkatia mzee bugali. Tulipotoka, mzee wetu aliniinamia akauliza pole pole: "Sasa tutakula saa ngapi?"

2. Sombe ya dakika tano

Kisha siku chache niliingia katika resto moja katikati ya mji, ambayo jina lake nitalinyamazia. Hapo sombe ilikuwamo, na ilifika mezani kisha dakika tano. Ilikuwa ya kijani inayong'aa kama jani la leo asubuhi. Majani yalikuwa makubwa, magumu kwa meno, na chini ya mafuta ya mawese kulikuwa ladha ya bikarbonati.

Mimi nafundisha biolojia na kemia, na hapo sikuweza kunyamaza. Jani la muhogo likiwa bichi lina sumu ya sianidi. Ndiyo sababu bibi zetu, ambao hawakusoma kemia, walilitwanga sana katika kinu, kisha wakalitokotesha kwa muda mrefu, mwanzoni bila kufunika sufuria. Kutwanga kunavunja jani na kuifungua sumu. Maji ya moto na mvuke vinaiondoa. Kumbe kila hatua ya mila ile ilikuwa na kazi yake. Bikarbonati inalainisha jani haraka na kulipa rangi nzuri, lakini inaharibu sehemu ya vitamini, na saa za moto haiwezi kuzilipa. Mpishi anayefupisha muda anatoa chakula kisichoiva, hata kama sahani inapendeza macho.

Hapo nilimkumbuka yule kijana wa hoteli. Tulimcheka, lakini alitwambia ukweli: sombe inaitaka siku yake. Afazali resto inayokuomba ungojee kuliko inayokudanganya kwamba iko tayari.

3. Malewa ya Birere

Sufuria ya pili niliipata Birere, katika malewa. Jina hili lilitujia kutoka Kinshasa, lakini kazi yenyewe tunaijua: mbao nne, bashi juu, kibao kirefu cha kukalia, na mama mwenye sufuria kubwa. Mama huyo anawasha moto mbele ya mapambazuko. Sombe yake inasagwa na mashini ya soko, kwa sababu kinu peke yake hakiwezi kulisha watu wote hawa, lakini muda wa motoni haukupunguzwa. Ukifika saa nne asubuhi, hata ukiwa na haraka ya kurudi darasani, anakuambia: "Mwalimu, sombe haipendake haraka. Kunywa kwanza chai."

Saa sita inapofika, sombe imekuwa nzito, ya kijani ya giza, vitunguu na puaro vimeyeyuka ndani, mawese yamepanda juu. Maharagi yamepasuka na kutoa mchuzi wake yenyewe. Bugali ni ya moto na haishiki vidole. Nasema bila woga: sombe nzuri kuliko zote nilizokula inje ya nyumbani, nimeila pale, juu ya kibao, kati ya msukuma chukudu na muuza simu.

Na kuna jambo lingine. Mtu mpya akiingia, walioketi wanasogea na kumwambia: "Karibu, tukule." Kila mtu amelipa sahani yake, hakuna atakayempa mwenzake kitu, lakini neno linasemwa. Katika ile hoteli, meza ya jirani hatukuisalimia hata kwa macho.

Mkosoaji wa haki ataje pia aibu ya malewa. Sahani zinaoshwa katika beseni moja mpaka maji yanageuka mchuzi. Katika mji huu tunaujua ugonjwa wa kipindupindu, na wengi wetu tunanunua maji kwa bidoni. Mama anayengojea sombe saa tatu anaweza vilevile kubadilisha maji ya beseni. Nilimwambia hivyo, akanijibu kwamba bidoni moja ya maji ni faida ya sahani nzima. Jibu hilo ni la kweli, lakini ugonjwa haulijali.

4. Jiko la nyumbani

Sasa tufike pale panapouma. Tunapenda kusema kwamba resto inaua mila na nyumba inailinda. Mimi pia nilisema hivyo, mpaka siku moja nilipolalamika nyumbani kwamba tumepitisha juma nzima bila maharagi. Mama watoto alisimama mbele ya mbabula akaniuliza: "Baba watoto, unataka maharagi leo ao unataka makala ya juma nzima?"

Sikuwa na jibu. Goma iko karibu metre 1.500 juu ya bahari. Hapa maji yanachemka kwa nyuzi joto 95 hivi, hayafikii 100, kwa hiyo maharagi yanakawia motoni kuliko kule chini. Kila dakika ni makala, na makala ni franka. Tena makala mengi ya mji huu yanatoka katika miti ya Virunga, mbuga iliyoundwa mwaka 1925, kwa hiyo hata yakiwa bei raisi kuna anayeyalipia. Mwanzoni mwa 2024, vita vilipofika karibu na Sake na njia ya Masisi ikafungika, bei ya maharagi, viazi na makala ilipanda pamoja. Mwaka 2025, M23 ilipoingia mjini mwezi wa kwanza na mabenki yakafunga milango, nyumba nyingi zilianza kununua makala kwa mfuko mdogo wa siku moja. Kwa mfuko huo unapika mchele, tambi, lenga-lenga, fretini. Sombe na maharagi vinangojea siku kuu.

Basi tukaanza kutuma mtoto na bakuli kwa mama wa malewa, anunue maharagi yaliyoiva. Mwanzoni niliona haya. Nilimwambia mtoto afunike bakuli na kitambaa ili majirani wasione. Leo naona haya ya kuona haya. Hesabu ni nyepesi: moto mmoja wa malewa unaivisha sahani makumi, moto wangu unaivisha sita. Chakula kinachotaka muda kimehamia kwa mwenye moto mkubwa.

Lakini ujuzi nao unahama. Niliwauliza wanafunzi wangu wa darasa la mwisho: nani anaweza kutueleza namna sombe inavyopikwa, tangu jani mpaka sahani? Wasichana walitazamana. Aliyejibu vizuri, hatua kwa hatua, hata ile ya kutofunika sufuria, alikuwa mvulana. Wenzake walicheka. Mama yake ana malewa.

5. Kipi ni chetu?

Kuna wandugu watakaoniambia: basi tufukuze pizza na frite, turudie vyakula vya asili. Tuwe waangalifu na neno hilo. Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini, ukaletwa na Wareno kwenye pwani ya Kongo. Mahindi, viazi na maharagi haya tunayoyalilia asili yao ni Amerika pia. Mababu walisonga bugali ya ulezi na mtama. Jibini ya Masisi ni mtoto wa Wazungu aliyelelewa katika majani yetu. Hata sambaza, ambazo tunaziona kama damu ya ziwa Kivu, zililetwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wazee walioziona zikifika bado wangeweza kuwa hai.

Kwa hiyo nikipima sahani siulizi pasaporti ya chakula. Nauliza mambo mawili: kilipewa muda wake? Na kililiwa na nani pamoja? Frite inaweza kufaulu mtihani huo, na sombe inaweza kuanguka.

Swali la pili nililifunzwa Minova. Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na tarehe 27 tuliambiwa tutoke mjini. Tulifika Minova usiku na watoto na godoro moja. Mama mmoja ambaye hatukumjua alituona tukisimama barabarani, akasema neno lile lile la malewa: "Karibu, mukule." Ilikuwa bugali na maharagi katika sahani moja pana. Tulinawa, tukakula sisi wote pamoja na watoto wake, na ile sahani ilikuwa imepikwa kwa hesabu ya nyumba yake, si yetu. Asubuhi nilitaka kumuachia kitu. Alikataa, akaniuliza kama kwetu hatupikake ya mgeni.

Swali hilo sijalimaliza. Zamani sufuria ya nyumbani ilikuwa na sehemu ya mtu asiyejulikana bado. Leo, kwa bei ya makala, tunapima vikombe kwa vichwa, na saa ya kula tunafunga mlango. Nadhani hasara yetu kubwa iko hapo, kuliko katika frite za vijana.

6. Tufanye nini?

Sitaki kumaliza kwa malalamiko. Kwa wenye hoteli: andikeni sombe na maharagi kwenye karatasi yenu, pamoja na saa yake: "iko tayari saa saba". Mgeni atangojea, na atajua yuko Goma. Kwa mama wa malewa: maji ya pili ya kusuuza, tafazali, hata kama sahani itapanda kidogo, tutalipa. Kwa nyumba zetu: maharagi yalale ndani ya maji usiku kucha, yatakula makala kidogo. Na majirani wawili ao watatu wanaweza kuunganisha makala yao siku ya posho, moto mmoja na sufuria moja kubwa. Kwetu tulijaribu na nyumba ya pili. Mara ya kwanza tuligombana juu ya chumvi. Mara ya tatu watoto ndio waliotukumbusha siku.

Na kwa sisi walimu na wazazi: wavulana watwange. Yule mwanafunzi wangu aliyechekwa nilimpa alama zake zote, kisha nikamuomba arudie somo polepole ili wengine waandike. Waliandika. Jioni ile nilimuuliza mama watoto kama ile hatua ya kutofunika sufuria aliijua. Alinitazama kama mtu anayemtazama mwanafunzi mzito, akanipa mwiko.