Olivier de Serres: kitabu cha shamba chenye kunyamaza juu ya dini

Siye wa agronomi walitufundisha ku fakilte kama Olivier de Serres njo baba wa agronomi ya Ufaransa. Jina tulilikariri juu ya egzamini, kitabu hatukukifungua. Sasa nimekisoma, na niko na neno.

Théâtre d'agriculture kilitoka mwaka 1600, miaka miwili kisha amri ya Nantes ya 1598, yenye iliruhusu Waprotestanti kuabudu, hata kama ni fasi fulani tu, ndani ya inchi ya Wakatoliki. De Serres alikuwa Muprotestanti, na kitabu alimutolea mfalme Henri IV. Kuko sehemu munane: udongo, nafaka, mizabibu, nyama za kufuga, nyuki na funza wa hariri, bustani, maji na miti, mambo ya nyumba. Kizuri ni kwamba anaandika sawa mutu mwenye alijaribu mwenyewe ku shamba lake la Pradel. Kila ukurasa unaonyesha kama kilimo kinaomba amani: mutu hapandi miti ya kulisha funza wa hariri kama hajui atakuwa wapi kisha miaka tano.

Lakini hapa njo kasoro yake. Amani hiyo anaishukuru sawa vile mvua: imenyesha, basi tulime. Haulizi nani anaweza kuifunga. Pengine kunyamaza kulimusaidia, ili Mukatoliki pia anunue kitabu. Naelewa. Ila ruhusa yenye kutoka mukononi mwa mfalme, mfalme mwingine anairudisha. Mwaka 1685 Louis XIV alifuta amri ya Nantes, eti inchi iwe na dini moja. Hekalu zikabomolewa, wachungaji wakapewa siku 15 za kutoka, watu wa kawaida wakakatazwa kuhama. Hata hivyo karibu watu 200.000 walikimbia. Wafumaji wa hariri wakaenda kufanya kazi London. Ufundi wenye Henri IV na de Serres walitafuta kukuza ku kwabo, ukatajirisha jirani.

Kati yetu kuko wenye kusema: dini moja, inchi yenye nguvu. Ninawaomba wahesabu hasara hiyo kwanza.

Kisomeni, hasa utangulizi na sehemu ya ine. Kitawafundisha kulima vizuri. Namna ya kulinda haki ya mwenye kulima, hiyo mutaitafuta kwingine.