Amri ya Saba na Jasho la Wengi: Tafakari juu ya Hakimiliki, Mitambo na Kanisa

Utangulizi

Katika mikutano ya wachungaji na katika madarasa ya vyuo vyetu husikika mara kwa mara usemi kwamba kazi ya Mungu haina mwenyewe. Kwa usemi huo mtu hurudufu kitabu kizima bila kumwuliza mchapaji. Kwaya huimba na kurekodi utungo wa kwaya nyingine. Mhubiri huchukua mahubiri ya mwenzake na kuyatoa Jumapili kana kwamba yalizaliwa katika maombi yake mwenyewe. Ushahidi unaotolewa ni Mathayo 10:8, pale Bwana anapowaagiza wanafunzi watoe bure kwa kuwa walipewa bure.

Makala hii inakusudia kuupima usemi huo. Inakusudia pia kuupima usemi wa upande wa pili, unaodai kwamba kwa kuwa nchi ina sheria ya hakimiliki, suala limekwisha na wanatheolojia hawana la kuongeza. Kwa maoni yangu semi zote mbili zina upungufu, na upungufu huo unawaumiza watu wale wale: mtunzi wa nyimbo wa usharikani, msomaji wa Maandiko wa kijijini, na mzee ambaye maneno yake hayajawahi kuandikwa.

Sheria inasema nini

Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1994. Mwaka 1999 Bunge lilipitisha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1966. Chini ya sheria hiyo kiliundwa chama cha hakimiliki kijulikanacho kwa kifupi kama COSOTA. Kazi ya mtunzi inalindwa katika uhai wake wote na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Ulinzi huo unaanza pale kazi inapotungwa na kupewa umbo, hautegemei kuandikishwa. Hivyo mwanakwaya aliyetunga wimbo na kuuandika kwenye daftari la shule anayo haki ile ile aliyo nayo mwandishi wa vitabu wa mjini.

Hayo ni mema, na Kanisa halina budi kuyashukuru. Lakini haki iliyomo katika kitabu cha sheria na haki inayofika mkononi ni mambo mawili. Hapa Gitting, kando ya Mlima Hanang, nyimbo za kwaya zilisambaa zamani kwa kanda za kaseti zilizonakiliwa madukani. Siku hizi kijana mwenye kompyuta hukaa mnadani na kuingiza nyimbo katika simu za watu kwa shilingi chache. Kijana huyo hupata riziki, mwenye simu hupata wimbo, na mtunzi hapati hata salamu. Mwaka 2023 iliwekwa tozo juu ya vifaa vinavyotumika kunakili na kuhifadhi kazi za sanaa. Tozo ya namna hiyo ni ungamo la kimya kwamba kunakili hakuzuiliki tena. Hata hivyo fedha ya tozo haiwezi kumfikia mtu ambaye jina lake halijulikani popote. Mtunzi wa usharikani ambaye kwaya yake haikuandika jina lake hata kwenye jalada la kanda hana njia ya kuhesabiwa.

Wimbo mmoja na majina yake

Tutazame mfano ulio karibu nasi kama Walutheri. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa alitunga wimbo wa Pasaka uitwao “Mfurahini, Haleluya”. Mmisionari Howard S. Olson, aliyefundisha Makumira na kukusanya nyimbo zenye sauti za kiafrika, aliutafsiri kwa Kiingereza. Mwaka 1969 Ulrich S. Leupold aliuweka katika Kijerumani, nao leo ni wimbo Na. 116 katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya kiinjili ya Ujerumani. Basi Wajerumani wanapoadhimisha ufufuo huimba maneno yaliyoanza katika Kiswahili. Ni furaha kubwa, maana zamani nyimbo zilisafiri kwa njia moja tu, kutoka kwao kuja kwetu.

Lakini msomaji na atazame maandishi madogo yaliyo chini ya wimbo huo. Kwa upande wa maneno, jina la Kyamanywa limetajwa pamoja na mwaka; haki imetendeka. Kwa upande wa sauti, imeandikwa tu kwamba inatoka Tanzania. Maneno yana mtu, sauti ina nchi. Simlaumu mhariri kwa hilo, kwa sababu sauti ya jadi haina mtungaji mmoja anayeweza kutajwa. Ila nauliza: nchi yenye makabila zaidi ya mia moja yaweza kuwa jina la sauti moja? Sauti hiyo ilikuwa na watu kabla ya kuwa na nchi. Walikuwako walioiimba shambani na harusini, wakawafundisha watoto wao. Sheria inayomtafuta mtunzi mmoja haiwezi kuwaona hao.

Sheria ya mwaka 1999 inayo sehemu inayohusu sanaa za jadi, na inataka matumizi yake ya kibiashara yapate kibali cha mamlaka ya umma. Shirika la kikanda la ARIPO, ambalo Tanzania ni mwanachama wake, lilipitisha Itifaki ya Swakopmund mwaka 2010 kuhusu maarifa ya jadi. Hatua hizo ni za maana. Hata hivyo kibali kinapotolewa na ofisi iliyo mbali, jamii yenye mali inabaki mtazamaji.

Luther na wachapaji

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya wanasheria. Historia yetu wenyewe inawakanusha. Mwaka 1525 sehemu ya miswada ya mahubiri ya Martin Luther iliibwa katika kiwanda cha kupigia chapa huko Wittenberg, nayo ikachapwa Nürnberg kabla kazi halisi haijakamilika. Luther alilalamika mbele ya baraza la mji ule. Yeye mwenyewe hakuwa akipokea malipo kwa vitabu vyake. Hoja yake haikuwa tumbo lake. Alilalamika kwamba wachapaji waliogharimia kazi walipata hasara, na kwamba maandishi yaliyochapwa kwa haraka ya faida yalijaa makosa hata mwenyewe asiyatambue.

Mwaka 1527 mpinzani wake Hieronymus Emser alitoa Agano Jipya la Kijerumani ambalo kwa sehemu kubwa lilikuwa tafsiri ile ile ya Luther, iliyorekebishwa hapa na pale, bila jina la Luther. Katika waraka wake wa mwaka 1530 juu ya kazi ya kutafsiri, Luther aliutangaza wizi huo waziwazi, kisha akasema anaridhika kwamba kazi yake inasomwa hata chini ya jina la adui.

Hapa tunapata kipimo kilicho sahihi zaidi kuliko usemi wetu wa mwanzo. Luther aliachilia faida yake, lakini hakuachilia ukweli. Mwenye kazi anaweza kutoa bure. Mwingine hawezi kutoa bure kwa niaba yake. Mathayo 10:8 inamwagiza yule aliyepokea atoe vilivyo vyake. Haimruhusu mtu kuingia katika ghala ya jirani na kugawa mahindi akijisifu kwa ukarimu. Nabii Yeremia naye, katika sura ya 23 aya ya 30, anatangaza kwamba Bwana yu kinyume cha manabii wanaoibiana maneno. Katika Katekisimo Kubwa Luther anaifafanua Amri ya Saba kwamba kuiba si kuvunja sanduku tu, bali ni kila njia ya kujinufaisha kwa hasara ya jirani.

Slufay na mitambo mipya

Suala hili limepata uzito mpya. Mwaka 2023 kampuni ya Meta ya Marekani ilitangaza mitambo ya kutambua na kutoa usemi katika lugha zaidi ya 1,100. Ili kuifundisha mitambo hiyo, watafiti walitumia rekodi za Agano Jipya zilizosomwa kwa sauti, kwa kuwa kwa lugha nyingi ndogo hakuna rekodi nyingine za kutosha. Ndugu msomaji, tulitafakari jambo hili polepole. Wasomaji wale walikaa mbele ya kinasa sauti ili bibi asiyejua kusoma apate kulisikia Neno. Sauti waliyoitoa kwa ajili ya Injili imekuwa malighafi ya mitambo.

Sisemi kwamba ni uovu mtupu. Mtambo unaosikia lugha ya wachache waweza kumsaidia mgonjwa kumweleza daktari, na kipofu kusoma. Wala sisemi kwamba sheria ilivunjwa. Hilo si la mchungaji kuamua. Swali langu ni la kimaadili: ni nani aliyeulizwa? Mwenye rekodi aweza kuwa shirika, lakini sauti ni ya mtu na lugha ni ya watu.

Wairaqw wanayo slufay, ambamo mzee husema maneno ya baraka na waliokusanyika huitikia. Hakuna anayeweza kuidai slufay kuwa mali yake peke yake, maana bila mwitikio haikamiliki. Je, mtu akiinasa kwa simu na kuiuza, au mtambo ukijifunza kuiga maneno yake, nani ataitwa mwenye mali? Kwa sheria ya mtunzi mmoja, mzee hana hoja. Kwa usemi wa “haina mwenyewe”, hana hoja pia. Ndiyo maana nasema semi hizi mbili, ijapokuwa zinapingana, zinamwacha mtu yule yule mikono mitupu.

Mwanafunzi maskini

Ipo hoja ya kupinga ambayo ni lazima ijibiwe kwa heshima. Mwanafunzi wa theolojia anahitaji kitabu ambacho hakiuzwi nchini, au kinauzwa kwa bei inayozidi posho yake ya miezi kadhaa. Je, akirudufu sura mbili ni mwizi? Sheria yenyewe inaacha nafasi kwa kunukuu, kwa kufundishia na kwa matumizi ya binafsi, na Maandiko yanamruhusu mwenye njaa kula zabibu za jirani hata ashibe, ila asitie katika chombo chake (Kumbukumbu la Torati 23:24). Aya hiyo yatenganisha vizuri haja na biashara. Mwanafunzi anayesoma amekula zabibu. Anayerudufu nakala 40 na kuziuza mlangoni amejaza kikapu. Aidha, wenye vitabu wanaopandisha bei hata maarifa yasifike kwa maskini nao wana swali la kujibu mbele ya amri hiyo hiyo. Haki ya mwenye mali haikuwekwa ili jirani afe njaa kando ya shamba.

Hitimisho

Napendekeza mambo matatu kwa sharika na vyuo vyetu. Kwanza, jina: kila wimbo unaoimbwa utajwe mtunzi wake, na kama ni wa jadi itajwe jamii ulikotoka. Jambo hili halina gharama. Pili, ruhusa: kwaya, mhubiri au mtafiti aulize kabla ya kuchukua, na mzee wa kijiji aulizwe kwa lugha yake. Mashirika yanayorekodi Maandiko yaeleze wazi sauti zitatumikaje baadaye. Tatu, fungu: panapopatikana fedha, na aliyetoka jasho apate sehemu, kwa kanuni ya Mtume Paulo katika 1 Wakorintho 9 juu ya ng’ombe apurae nafaka.

Injili haina mwenyewe kwa sababu Mwenyewe ameitoa. Lakini ulimi unaoiimba, mkono unaoiandika na kijiji kinachoitikia ni vya watu walioumbwa kwa mfano wa Mungu, nao wana majina. Kanisa linalowafundisha Amri ya Saba watoto wa kipaimara lianze kuitii katika kabati la kwaya yake.