Sikio Likiachwa Peke Yake

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo haikutungwa kwa ajili ya wauza muziki, lakini imepata kazi mpya tangu mwaka 1999, Sony na Philips walipoileta sokoni Super Audio CD, na mwaka uliofuata DVD-Audio ikaja kushindana nayo. Sahani hizo mbili, na baada yake mafaili yauzwayo kwa jina la "ubora wa juu", zimetembezwa kwa maneno makubwa: kwamba CD ya kawaida, iliyoingia madukani mwaka 1982, huiminya sauti na kuinyima pumzi, na kwamba mwenye sikio hawezi kukosa kuitambua tofauti. Dai la namna hii lina uzuri wake mmoja. Laweza kujaribiwa.

Kwanza zitazamwe hesabu. CD huipima sauti mara 44,100 katika kila sekunde, na kila kipimo hukiandika kwa biti 16, yaani kwa kuchagua ngazi moja kati ya 65,536. Mafaili ya ubora wa juu hupima mara 96,000 au 192,000, tena kwa biti 24, ambazo ngazi zake hupindukia milioni 16. Super Audio CD ina hesabu yake tofauti, lakini dai lake ni lile lile. Mwenye kuzisoma tarakimu hizi hudhani ameonyeshwa bahari baada ya kuzoea kisima. Hata hivyo, kanuni ya upimaji yasema kwamba mara 44,100 hutosha kubeba kila mtetemo usiozidi 22,050 kwa sekunde, na sikio la kijana mwenye afya hukomea karibu na 20,000. La mtu mzima hukomea chini zaidi. Biti za ziada nazo hushusha ule mvumo mwembamba unaobaki muziki unaponyamaza. Bahari ni kubwa, ni kweli. Swali ni kata ya mnywaji huchota kiasi gani.

Ndipo yalipoingia majaribio ya pazia, yaani yale ambayo msikilizaji hufichwa asijue anachosikilizishwa. Hupewa sauti ya kwanza, akapewa ya pili, kisha ya tatu ambayo kwa siri ni mojawapo ya zile mbili, akaulizwa: hii ni ipi? Anayesimamia naye hutakiwa asijue, ili uso wake usitoe siri. Sauti zote husawazishwa kwa ukali mmoja, kwa kuwa iliyozidi japo kidogo huonekana nzuri zaidi, na msikilizaji akadhani amesikia ubora kumbe amesikia kelele. Abahatishaye atapata nusu. Anayesikia kweli atapita nusu, tena mara kwa mara.

Wapenzi wa ushairi hawahitaji kuelezwa sana hekima ya jambo hili. Shairi likiletwa mbele ya waamuzi pamoja na jina la malenga mashuhuri, kina kilichopwaya husamehewa, na mizani iliyozidi huitwa ufundi. Jina likifichwa, kila silabi huhesabiwa. Haina maana kwamba waamuzi ni waongo. Ni kwamba jicho huliwahi sikio, na heshima huiwahi hukumu.

Jaribio lililotikisa zaidi ni la E. Brad Meyer na David R. Moran, lililochapishwa Marekani mwaka 2007 katika jarida la Audio Engineering Society. Mabwana hawa walipiga sahani za ubora wa juu, kisha wakaipitisha sauti ile ile katika mtambo uliyoishusha hadi kipimo cha CD, na kuwauliza wasikilizaji ni wakati gani imeshushwa. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276. Mwenye kurusha sarafu angepata 277. Ni pale tu sauti ilipopandishwa kupita kiasi ndipo mvumo wa CD uliposikika.

Wapinzani walijitokeza, na baadhi ya hoja zao zina uzito. Ilielezwa kwamba baadhi ya sahani zilizotumika zilitokana na rekodi za asili ambazo hazikuwa na zaidi ya kile ambacho CD yaweza kubeba. Na aliyemimina kikombe katika pipa hapati pipa la maji. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, aliyakusanya majaribio ya tafiti 18, zaidi ya 12,500 kwa jumla, akakuta wastani wa majibu sahihi ni asilimia 52.3. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini kwa wingi wa majaribio yale haikuweza kuitwa bahati tupu. Nayo iliongezeka sana kwa wasikilizaji waliofunzwa. Kwa hiyo anayesema hakuna kabisa kinachosikika amekwenda mbali kuliko ushahidi wake. Anayesema kila mwenye sikio husikia mara moja amekwenda mbali zaidi.

Wapo wanaolikataa pazia lenyewe, wakidai kwamba muziki hautambuliwi kwa haraka bali kwa miezi ya kuishi nao. Hoja hii ina ladha ya kweli, kwani hata utenzi mrefu haupimwi kwa beti mbili. Lakini pazia halina saa. Mtu aweza kukaa na sahani mbili zisizo na jina mwaka mzima, akaamua atakapo. Anayekubali kusikiliza kwa mwaka, ila kwa sharti aione chapa, ameshajijibu mwenyewe.

Jambo ambalo mabishano yamelifunika ni lile Meyer na Moran walilolieleza wenyewe: sahani za ubora wa juu zilisikika nzuri kuliko CD nyingi. Ikiwa kipimo hakikuwa sababu, basi sababu ni mkono. Sahani zile zilikusudiwa wasikilizaji makini, na mafundi wakaziacha sauti za chini zibaki chini na za juu zipande. Ilhali katika CD nyingi za sokoni kila kitu kilipaishwa ili wimbo usizidiwe ukali na jirani yake. Mnunuzi alilipia chombo, akapewa uangalifu, akakisifu chombo.

Watu wa visiwani wana ushahidi wa karibu. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri. Sahani zile haziikaribii CD kwa upana wa sauti wala kwa utulivu, na mkwaruzo wa sindano haukomi. Lakini sauti ya mwimbaji imevuka, na msikilizaji wa leo huyafuata maneno yake bila kuuliza yamepimwa mara ngapi.

Isije ikadhaniwa, basi, kwamba vipimo vikubwa ni upuuzi. IASA, jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti, hupendekeza kanda za zamani zihamishwe kwa biti 24 na vipimo 96,000 kwa sekunde, na visipungue 48,000. Kanda huchakaa; huenda ikapigwa salama mara moja tu, na watakaoisafisha baadaye watahitaji nafasi ya kufanyia kazi. Kwa hazina za taarabu zilizobaki katika kanda, huko ndiko fedha na vipimo vinakostahili kwenda kwanza. Msikilizaji wa barazani apewe nakala ya kawaida, iliyotengenezwa kwa mkono mtulivu, na hapana shaka hatapungukiwa.