Wimbo Upi Uzidi Mwingine? Hukumu za Wasikilizaji wa Kampala juu ya Nyimbo za Miaka ya Mwisho ya Philly Lutaaya

Ikisiri

Makala haya yanachunguza mabishano ya wasikilizaji wa Kampala kuhusu wimbo ulio bora miongoni mwa nyimbo ambazo Philly Bongoley Lutaaya (1951–1989) aliziacha kutokana na miaka yake ya mwisho. Kwa kutumia dhana ya upeo wa matarajio, makala yanaonyesha kwamba mabishano hayo yamegawanyika baina ya nyimbo za Krismasi alizoziimba kwa Kiganda na wimbo wa Kiingereza unaohusishwa na ushuhuda wake kuhusu UKIMWI. Hoja kuu ni kwamba kampeni za afya ziliuhifadhi wimbo mmoja kwa kuutenga na nyingine, na kwamba utengano huo umeupunguzia wimbo wenyewe maana. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kwa watunga sera za afya, elimu na lugha.

1.0 Utangulizi

Desemba ya Kampala ina sauti yake. Katika maduka ya Kikuubo, ndani ya takisi zinazosubiri kujaa abiria na katika redio za majumbani, sauti ya Lutaaya hurejea kila mwaka na nyimbo zilezile: "Zuukuka", "Tumusinze", "Ssekukkulu", "Katujaguze" na "Gloria". Pamoja na sauti hiyo hurejea swali ambalo halijapata jibu la kudumu: kati ya hizi, upi uzidi mwingine? Anayeitaja "Zuukuka" hujibiwa na anayeishikilia "Tumusinze". Halafu hutokea mtu wa tatu akawaambia wote wawili kwamba wanapigania matawi na kuliacha shina, kwa kuwa wimbo mkubwa wa Lutaaya ni "Alone and Frightened", yaani mpweke na mwenye hofu.

Uhakiki wa kitaaluma umezoea kuyapita mabishano ya namna hii kana kwamba ni porojo za kupitishia wakati. Makala haya yanashikilia kwamba ni uhakiki wenye vigezo vyake, na kwamba vigezo hivyo vinapogongana hufichua jambo ambalo si mhakiki wala mtunga sera aliyeliona vizuri. Jambo hilo linahusu namna taifa linavyomkumbuka msanii aliyelitumikia kwa kifo chake.

2.0 Mkabala wa Kinadharia

Uchambuzi unaongozwa na nadharia ya upokezi, hususan dhana ya upeo wa matarajio iliyoasisiwa na Hans Robert Jauss huko Konstanz mwaka 1967. Kwa mujibu wa Jauss, kazi ya sanaa haina maana iliyofungwa ndani yake mara moja na kwa wote. Maana huzaliwa pale kazi inapokutana na matarajio ya hadhira, na hubadilika kadiri matarajio hayo yanavyobadilika. Hivyo historia ya kazi ya sanaa ni pia historia ya waliyoipokea.

Dhana hii si ngeni kwa mapokeo ya Waswahili. Mashairi ya kujibizana ya Mombasa ya karne ya 19, mashindano ya ngoma za beni, na malumbano ya mipasho baina ya Tanzania One Theatre na Muungano jijini Dar es Salaam katika miaka ya 1990, yote yaliipa hadhira kazi ya kuhukumu. Tofauti ni kwamba huko hadhira iligawanyika kati ya vikundi viwili au washairi wawili. Kampala mgawanyiko umo ndani ya kazi za mtu mmoja, ambaye hayupo tena kujitetea wala kujirekebisha.

3.0 Lutaaya na Matarajio ya Hadhira Yake

Lutaaya alianza muziki akiwa kijana mwishoni mwa miaka ya 1960, akapitia majukwaa ya nchi jirani, na katika miaka ya 1980 akafanya makazi yake Stockholm, Uswidi. Albamu yake Born in Africa aliirekodi huko ughaibuni, lakini hadhira yake kubwa ilikuwa nyumbani, katika nchi iliyokuwa inatoka vitani. Hadhira hiyo ilimtarajia mwimbaji wa furaha: wa kuchezewa harusini, wa kuwatia moyo waliokuwa wanajenga upya, na wa kuwaimbia wapenzi.

Upeo huo ulivunjika mwishoni mwa muongo huo, Lutaaya alipotangaza hadharani kwamba ana virusi vya UKIMWI. Alikuwa Mganda mashuhuri wa kwanza kufanya hivyo. Wakati huo ugonjwa uliitwa silimu, na wengi waliutaja kwa kunong'ona. Serikali ilikuwa imekwisha kuanzisha mpango wa kudhibiti UKIMWI mwaka 1986, na shirika la TASO lilikuwa limeundwa mwaka 1987, lakini ugonjwa haukuwa na uso ambao kila mtu aliujua. Lutaaya aliupa uso. Alizunguka shuleni na makanisani akieleza hali yake, huku mwili ukimpungukia mbele ya macho ya watu, hadi alipofariki tarehe 15 Desemba 1989, akiwa na umri wa miaka 38.

Linalostahili kuzingatiwa ni kwamba mabishano ya kwanza ya wasikilizaji hayakuhusu wimbo upi ni bora. Yalihusu kama msanii anasema kweli. Walikuwako walioamini kwamba anaigiza ili ajipatie umaarufu au fedha. Kwa lugha ya Jauss, hadhira iliendelea kumsoma kwa upeo wa zamani: mwimbaji ni mtumbuizaji, na mtumbuizaji hulia kwa malipo. Kifo ndicho kilichoumaliza ubishi huo. Kuanzia hapo kigezo cha ukweli wa maisha kiliingia katika kila hukumu juu ya nyimbo zake, hata zile ambazo hazisemi lolote kuhusu maradhi.

4.0 Nafsi katika Nyimbo za Desemba

Wanaozipenda nyimbo za Krismasi hutoa hoja za namna mbili. Ya kwanza ni ya matumizi: wimbo bora ni ule usioweza kukosekana. Ya pili ni ya utendaji: wimbo bora ni ule unaomfanya msikilizaji ajibu, awe anapika, anauza au yuko safarini. Hoja zote mbili zina msingi katika sarufi ya nyimbo zenyewe, na msingi huo huonekana tangu katika vichwa vyake.

"Zuukuka" ni amri kwa mtu mmoja: amka. Lau mwimbaji angeliwaita wengi, Kiganda kingemtaka abadilishe kitenzi. Kwa hiyo wimbo unaochezwa sokoni mbele ya maelfu unamsemesha kila mmoja peke yake, kama mtu anayegongewa mlango alfajiri. "Tumusinze" umejengwa kwa namna nyingine. Kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi, kiambishi cha mtendwa na kiishio -e vinafuatana kama vinavyofuatana katika Kiswahili: tumsujudie. "Katujaguze" nao ni mwaliko wa nafsi hiyohiyo: hebu tushangilie. Anayebisha kwamba "Zuukuka" inaizidi "Tumusinze" anachagua, pengine bila kutamka hivyo, baina ya wito unaomtoa mtu mmoja usingizini na ibada ya watu waliokwisha kukusanyika. Ubishi wao ni ubishi juu ya mahali ambapo jumuiya huanzia.

"Ssekukkulu" unaongeza jambo linalouhusu mkutano huu moja kwa moja. Jina hilo la Krismasi katika Kiganda limetokana na neno la Kiswahili sikukuu, lililoingia Buganda kwa njia ya biashara na dini katika karne ya 19. Leo hakuna anayeliona kuwa geni. Limekuwa la Kiganda kwa kuimbwa na kuandaliwa karamu, wala halikuhitaji amri ya mtu yeyote.

5.0 Wimbo wa Siku ya Kwanza ya Mwezi

Kalenda imeuwekea wimbo wa "Alone and Frightened" siku yake. Tangu mwaka 1988 tarehe 1 Desemba ni Siku ya UKIMWI Duniani, na nchini Uganda ni vigumu kuiadhimisha siku hiyo bila ya sauti ya Lutaaya. Kwa hiyo mwezi mmoja una Lutaaya wawili. Wa tarehe mosi huchezwa penye hotuba na mabango. Wa tarehe 25 huchezwa penye chakula. Kati yao iko tarehe 15, siku aliyofariki, ambayo wengi huivuka pasipo kuisimamia.

Wanaoutetea wimbo huu hutumia kigezo cha ushuhuda. Kwao wimbo bora ni ule uliomgharimu mwimbaji zaidi. Hoja hii ni nzito, na haifai kupuuzwa kwa jina la usanii mtupu. Hata hivyo, ina hatari ya kuuhukumu wimbo kwa maisha ya mtunzi badala ya kuusikiliza. Anayeusikiliza atatambua kwamba upweke ni mlango wake tu. Wimbo huanza na mimi aliyeachwa peke yake, lakini haubaki hapo. Unamgeukia msikilizaji, unamkumbusha kwamba zamu yaweza kuwa yake, kisha unaishia katika sisi inayoitwa kusimama pamoja. Mwendo wa kutoka mtu mmoja hadi jumuiya, ambao nyimbo za Krismasi zimeugawana, hapa umo ndani ya wimbo mmoja.

Matumizi ya kampeni hayakuupa mwendo huo nafasi sawa. Bango huhitaji kauli moja na picha moja, na kilichochukuliwa kilikuwa upweke na hofu: uso wa mgonjwa kama onyo. Onyo hilo lilikuwa na kazi wakati wake, na Uganda ilisifiwa kwa uwazi uliosaidia kupunguza maambukizi katika miaka ya 1990. Lakini onyo linaporudiwa kwa miaka mingi, huwafundisha wasikilizaji kumwona mwenye virusi kuwa mtu wa peke yake, kinyume cha mahali wimbo unapoishia.

Lugha nayo ilichangia. Kiingereza kiliuwezesha wimbo kuvuka mipaka ya lugha za Uganda na kuwafikia wageni, na ndiyo sababu ukafaa kwa kampeni. Wakati huohuo uliwekwa mbali na lugha ambamo Lutaaya alikuwa ameimba sisi kwa wepisi zaidi. Wapo wanaosema wimbo huo ni mkubwa lakini si wa kuimba pamoja. Kauli hiyo si dharau kwa mgonjwa. Ni uhakiki sahihi wa kile ambacho matumizi rasmi yameufanyia wimbo.

6.0 Tathmini

Huenda ikadaiwa kwamba wapenzi wa nyimbo za Krismasi wanakwepa. Wanaikumbatia sauti na kukisahau kilichoiua, na vijana waliozaliwa baada ya 1989 wanaweza kuimba "Zuukuka" yote pasipo kujua mwimbaji alikufaje. Dai hili lina ukweli, na ndilo gharama ya kumbukumbu ya karamu. Lakini kumbukumbu ya kampeni nayo ina gharama: mwimbaji hubaki maradhi yake tu. Kundi moja limemhifadhi mtu likaacha kifo chake, na jingine limehifadhi kifo likamwacha mtu.

Ndiyo maana makala haya hayachukui upande wa wimbo mmoja, ila yanachukua msimamo juu ya namna ya kusikiliza. "Alone and Frightened" ni wimbo mkubwa zaidi wa Lutaaya pale tu unaposikilizwa na mtu ambaye masikioni mwake bado ina "Tumusinze". Asiyeijua sauti hiyo ikiwaita watu washerehekee hawezi kupima ilivyokuwa kwa sauti hiyohiyo kusema kwamba imeachwa. Mbishi wa takisini anayezilinganisha nyimbo hizi katika pumzi moja, hata akikosea katika hukumu yake, anafanya kazi ambayo vyombo rasmi vimeshindwa kuifanya: anaziweka pamoja.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Uchambuzi umeonyesha kwamba hukumu za wasikilizaji zinaongozwa na vigezo vitatu, yaani matumizi, utendaji na ushuhuda, na kwamba migongano ya vigezo hivyo inafuata mgawanyo halisi wa nafsi, lugha na kalenda katika nyimbo za Lutaaya. Mapendekezo matatu yanatokana na matokeo haya.

Kwanza, taasisi za afya zinazotumia sanaa zitumie wimbo mzima, na pale inapowezekana kazi kadhaa za msanii, badala ya kudondoa kauli ya kutisha. Maadhimisho ya tarehe mosi yanayomalizika kwa "Katujaguze" yangemrudishia mwenye virusi nafasi yake katika sherehe ya wote.

Pili, walimu wa fasihi simulizi na wa muziki wayatumie mabishano ya nyimbo bora kama zoezi la uhakiki. Mwanafunzi atakiwe kutaja kigezo chake, kukitetea kwa ushahidi wa matini, na kueleza kigezo cha mpinzani wake kwa haki.

Tatu, wapangaji wa sera ya lugha wazingatie njia iliyopitiwa na neno ssekukkulu. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Hatua hizo zinahitajika, hasa kwa lugha ambayo wengi nchini waliizoea kama lugha ya kambi za jeshi. Hata hivyo, kipimo cha mafanikio kisiwe idadi ya vipindi darasani pekee. Lugha huwa ya watu wanapokuwa na nyimbo ndani yake wanazozipenda kiasi cha kubishana. Tafsiri zenye ubora wa kuimbika za nyimbo za Lutaaya, zikifanywa kwa ridhaa ya wenye haki, zingekuwa mwanzo mzuri, kwa kuwa zingeukuta ubishi ukiendelea na kuwaalika majirani wa Afrika Mashariki waingie.