Ngoma ya Binti Bubu

Bertolt Brecht, mtunzi wa Kijerumani, aliandika tamthilia ya Mutter Courage und ihre Kinder, yaani Mama Jasiri na Watoto Wake, mwaka 1939 alipokuwa uhamishoni Sweden. Visa vyake ni vya Vita vya Miaka Thelathini, vilivyoiteketeza Ujerumani tangu 1618 hadi 1648. Anna Fierling, ndiye Mama Jasiri, ni mchuuzi afuataye majeshi na mkokoteni wake. Vita vyamnyang’anya wana wawili wa kiume. Abaki na Kattrin, binti yake bubu.

Ni rahisi kusema kwamba mama huyu hana moyo. Hukumu hiyo ni ya haraka. Kweli, walipoletwa majeruhi alikataa mashati yake ya thamani yasichanwe kufungia vidonda, hata Kattrin akamwinulia ubao. Binti kumwinulia mama yake mkono! Hapo ukumbi wetu wowote ungeguna, nao ungekuwa na haki. Lakini baadaye mpishi mmoja amtaka mama huyo waende Utrecht wakaendeshe nyumba ya wageni aliyoirithi, kwa sharti kwamba binti aachwe. Mama akataa. Kattrin, aliyeyasikia maneno ya mpishi, amekwisha kufunga virago ili ajiondokee. Mama amkutapo hamwambii kwamba ampenda; amwambia asidhani mpishi amekataliwa kwa ajili yake, bali kwa ajili ya mkokoteni. Ugonjwa wao u hapo. Mmoja hana ulimi. Mwingine anao, lakini umezoea kutaja bei.

Kisha hatari yaja ghafula, Januari 1636, nje ya mji wa Halle. Usiku askari wawavamia wakulima wapate mtu wa kuwaonyesha njia ya kuushambulia mji uliolala. Wakulima wapiga magoti kuomba Mungu. Kattrin asikia kwamba mjini mna watoto wadogo. Apanda juu ya paa, avuta ngazi, aanza kupiga ngoma. Sisi tuliolelewa na methali ya mbiu ya mgambo hatuhitaji kufasiriwa onyesho hilo.

Husemwa kwamba apiga kwa ajili ya watoto. Naam, lakini mama yake naye yumo mjini, amekwenda kununua bidhaa kwa bei ya chini kwa kuwa watu wana hofu. Askari wamwahidi Kattrin kwamba akishuka, mama yake atasalimishwa. Yeye azidi kupiga. Je, amemtupa mama? Kwa maoni yangu, hapana: amekataa biashara. Mama alimchagua binti kwa kisingizio cha mkokoteni. Binti amchagua mama pamoja na mji mzima, wala hakubali akatiwe fungu lake peke yake. Bunduki yamwangusha, lakini mji umekwisha kuamka, na mizinga yake yalia.

Tamthilia ilipochezwa mara ya kwanza, Zürich mwaka 1941, watazamaji walimlilia mama, jambo ambalo Brecht hakulipenda. Katika onyesho la Berlin la 1949 Helene Weigel, akilipia maziko ya binti, alirudisha sarafu moja mfukoni. Mwanafunzi atakayeigiza sehemu hiyo asiifiche sarafu ile, wala asiufupishe wimbo wa kubembeleza ambao mama amwimbia maiti, akidai kwamba mtoto amelala. Kisha mama ajifunga kamba za mkokoteni, aukokota peke yake nyuma ya kikosi, asijue bado kwamba mwanawe mkubwa naye amekwisha kufa.